“Mpokonye Simu” na Majibu Mengine Yasiyomlinda Mtoto

Kila likizo ya shule inapokaribia, maneno yale yale huanza kuzunguka: kwenye vikao vya wazazi, kwenye vipindi vya redio vya asubuhi, kwenye magrupu ya WhatsApp ya darasa, misikitini na makanisani. Vijana wanaharibika mtandaoni, kwa hiyo fanya hivi, amini vile. Wanaoyasema wana uchungu wa kweli na watoto wao, na uchungu huo nauheshimu. Lakini ukiyachukua madai hayo moja moja ukayapima kwa yaliyothibitishwa mahakamani na kwenye utafiti, utaona mengi yanamfaa mhalifu kuliko yanavyomfaa mtoto. Anayemtisha msichana kwa picha, anayemwahidi kijana kazi nzuri ng’ambo, anayemlisha mvulana chuki dhidi ya wanawake kidogo kidogo, wote wanategemea jambo moja, kwamba mtoto hatatuambia. Kila jibu letu linalomfanya mtoto aogope kusema linawafanyia wao kazi.

“Mpokonye simu, mambo yamekwisha”

Hili hutajwa kwanza na hupigiwa makofi, kwa sababu linaweza kutekelezwa usiku huu huu. Basi tulitazame pale ambapo tayari linatumika. Shule nyingi za sekondari Tanzania na Kenya, hasa za bweni, haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu. Kinachofuata tunakijua. Mwanafunzi anakaa muhula mzima bila simu, halafu anarudi nyumbani akiwa na kiu ya kila kilichompita, anakesha kwa bando la usiku, na katika miezi yote ile hakuna mtu aliyemfundisha chochote kuhusu anachokwenda kukutana nacho. Wapo pia wanaoficha simu bwenini. Hao wana siri mbili, simu yenyewe na lolote linalowapata ndani yake. Mwanafunzi anayetishiwa kupitia simu asiyotakiwa kuwa nayo hawezi kumwendea mwalimu wa malezi bila kujishtaki kwanza, na anayemtisha akishalijua hilo, amepata kamba ya pili ya kumfungia.

Nyumbani nako simu ni ya watu wengi. Mtoto huingia mtandaoni kwa simu ya mama, ya kaka, ya mpangaji wa chumba cha pili, ya rafiki anayesoma naye madrasa. Ukimnyang’anya aliyo nayo, unamhamishia kwenye simu usiyoijua, yenye akaunti usizozijua.

Katika mjadala huu watu hupenda kuitaja Australia. Ni kweli, nchi hiyo ilipitisha sheria Novemba 2024 inayozitaka kampuni za mitandao ya kijamii zizuie akaunti za walio chini ya miaka 16, na ilianza kutumika tarehe 10 Desemba 2025. Lakini isomwe vizuri. Faini yake, inayoweza kufika dola za Australia milioni 49.5, inatozwa kampuni. Mtoto anayekutwa na akaunti haadhibiwi, wala mzazi wake. Unaweza kuikubali au kuikataa sheria ile, ila huwezi kuitumia kuhalalisha kofi la sebuleni.

Sisemi kila mtoto apewe simu. Mtoto wa darasa la tatu hana haja ya akaunti ya TikTok, na simu zote za nyumba kulala sebuleni usiku, za wazazi zikiwemo, ni utaratibu mzuri. Utaratibu unawekwa kabla ya tatizo na unajulikana kwa wote. Kumnyang’anya mtoto simu siku aliyokuja kukueleza jambo baya lililomkuta ni kumwadhibu kwa kusema. Hatasema tena, na wadogo zake waliokuwa wakisikiliza mlangoni nao wamejifunza.

“Wanaonaswa ni watoto wajinga, au wasiolelewa”

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, tunaambiwa, na maana inayokusudiwa ni kwamba wa kwangu hawezi kufika huko.

Machi 2022, katika mji wa Marquette, jimbo la Michigan nchini Marekani, Jordan DeMay, kijana wa miaka 17, mwanamichezo aliyependwa shuleni kwake, alipata ujumbe wa Instagram kutoka kwa akaunti iliyoonekana ni ya msichana. Walizungumza, wakataniana, naye akatuma picha moja ya utupu. Lugha ikabadilika pale pale. Walimtaka alipe, la sivyo picha ingekwenda kwa familia yake na marafiki zake. Alilipa dola 300. Wakadai zaidi. Kabla ya kukucha kijana yule alikuwa amejiua, saa zisizotimia sita tangu ujumbe wa kwanza. Nyuma ya akaunti ile walikuwepo ndugu wawili wa Lagos, Samuel na Samson Ogoshi. Walipelekwa Marekani mwaka 2023, na Septemba 2024 kila mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 17 na nusu. Julai mwaka huo huo Meta, kampuni inayomiliki Facebook na Instagram, ilitangaza kwamba imefuta akaunti 63,000 za Instagram nchini Nigeria zilizotumika katika ulaghai wa aina hiyo.

Kazi ya ndugu wale ilifanywa kwa mtindo ambao matapeli wa namna hiyo hurithishana. Kwanza mhalifu hupiga picha za skrini za orodha ya marafiki na ndugu wa mtoto, ili tishio liwe na majina: mama, kocha, mwalimu, shangazi. Kisha humharakisha. Humpa dakika chache, humhesabia, humwandikia mfululizo bila kumpa nafasi ya kuvuta pumzi. Haraka hiyo ina kazi yake, nayo ni kuhakikisha mtoto hainui macho kutoka kwenye skrini akamtafuta mtu mzima. Mtoto akipata nusu saa na mtu mmoja anayemwamini, mtego umelegea.

Sasa jiulize ni mtoto yupi anayebanwa zaidi na tishio la kuaibishwa mbele ya baba yake. Yule asiyejali baba anasema nini atalipuuza. Anayebanwa ni mwenye haya, aliyefundishwa kulinda jina la ukoo, anayeona kwamba kumwaibisha mama ni jambo lisilosameheka. Malezi yetu mema, yakikosa sehemu moja tu, yanageuzwa kuwa silaha mikononi mwa mgeni. Sehemu hiyo ni kumwambia mtoto waziwazi, mapema, wakati hakuna tatizo lolote: hata ukifanya kosa la aibu kubwa, njoo kwangu kwanza, na nitakusaidia kabla sijauliza kwa nini. Aambiwe zaidi ya mara moja. Aambiwe pia mvulana, maana tishio la fedha kwa picha huwalenga sana wavulana, na wavulana ndio tuliowafundisha kutolia mbele ya mtu.

Tishio la namna hii likimfika mtoto, asilipe, kwa kuwa malipo humwambia mhalifu kwamba hapa pana pesa. Asifute mazungumzo. Zipigwe picha za skrini zenye jina la akaunti, namba ya simu na namba iliyotajwa ya kupokelea pesa, kisha akaunti iripotiwe na kufungiwa. Upo pia msaada ambao wazazi wengi hawajausikia. Kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, NCMEC, kilianzisha mwaka 2023 huduma ya bure iitwayo Take It Down. Ndani ya simu ya mtoto hutengenezwa alama ya tarakimu inayoiwakilisha picha. Picha yenyewe haitoki kwenye simu. Alama ndiyo inayopelekwa kwa kampuni zilizojiunga, zikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, ili ziitambue picha hiyo na kuizuia. Mtoto hahitaji kutaja jina lake. Kwa aliyetimiza miaka 18 ipo huduma ya namna hiyo hiyo iitwayo StopNCII. Zote mbili hazifiki ndani ya mazungumzo ya siri ya WhatsApp, na hilo linatuleta kwenye dai linalonikera kuliko yote.

“Kaitaka mwenyewe, na sisi tumetumiwa tu”

Video ya msichana wa sekondari inavuja. Tanzania tumeshaipa biashara hii jina lake la mtaani, koneksheni, na kuna magrupu yanayotoza watu pesa ili waipate. Lakini sehemu kubwa ya safari ya video ile haipiti kwa wafanyabiashara hao. Inapita kwetu. Inapita kwenye grupu la wazazi, la ukoo, la kwaya, ikiwa na maneno juu yake: oneni watoto wa siku hizi, tuombe sana, mwenye mtoto huyu atafutwe. Mtu mzima mwenye heshima zake anaituma kwa watu arobaini akiamini analaani uovu.

Sheria haioni hivyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, na sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao, zote zinafanya kuwa kosa kuchapisha au kusambaza picha za ngono za mtoto kwa njia ya kompyuta, na simu imo. Maandishi ya kulaani juu ya video si kibali cha kuituma. Na tuiache sheria kidogo. Yule binti anajua ni nani katika grupu la ukoo ameifungua. Kosa lake, kama lilikuwepo, lilikuwa kumwamini mtu mmoja. Waliomsaliti baada ya hapo ni mamia, na wengi wao humwita mwanangu wanapokutana naye njiani.

Ikikufikia, iishie kwako. Usiitume hata kwa anayekuuliza ni ipi hiyo. Andika namba ya aliyeituma, jina la grupu, siku na saa, kisha uende kituo cha polisi na maelezo hayo. Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwa mashauri ya namna hii. Mwambie aliyeituma, mbele ya grupu zima, aifute. Ni jambo gumu kumwambia mjomba wako hivyo hadharani. Gumu zaidi ni kuwa yule mtoto.

“Adui ni mgeni asiyejulikana”

Mafunzo mengi tunayowapa watoto yanaishia hapa: usizungumze na usiyemjua. Mradi wa utafiti ulioitwa Disrupting Harm, uliofanywa na ECPAT, INTERPOL na UNICEF katika nchi kadhaa zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, ulikuta picha tofauti. Mara nyingi aliyemdhuru mtoto kupitia mtandao alikuwa mtu ambaye mtoto alikwishamjua. Mgeni yupo na ni hatari, kama walivyokuwa wale ndugu wa Lagos. Lakini mtoto aliyefundishwa kumwogopa mgeni peke yake hana neno la kutumia anapotumiwa ujumbe wa ajabu na mwalimu wa tuisheni, na rafiki wa kaka, na mpenzi wake wa shule anayemwambia kwamba kama kweli unanipenda utanitumia.

Utafiti huo huo ulionyesha kwamba watoto wengi waliodhurika hawakumwambia mtu, au walimwambia rafiki wa rika lao, na wachache mno walifika polisi au kupiga namba ya msaada. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuisikia habari hii huwa ni mtoto mwingine wa miaka 14. Huyo naye tumemfundisha nini cha kufanya? Tunapozungumza na kijana, tumuulize pia angefanya nini kama rafiki yake angekuwa ndiye aliyepatwa. Mara nyingi atajibu kwa urahisi zaidi kuliko tukimuuliza habari zake mwenyewe, na mara nyingine rafiki huyo ni yeye.

“Amekiona kwa sababu alikitafuta”

Baba anaikuta simu ya binti yake imejaa video za huzuni na za watu wanaojikatakata. Anahitimisha kwamba binti alikwenda kuzitafuta. Hitimisho hilo lingekuwa na mantiki katika maktaba, ambako kitabu hakitoki rafuni mpaka ukiombe. Simu haifanyi hivyo.

Novemba 2023 Amnesty International ilitoa matokeo ya jaribio kuhusu TikTok. Zilifunguliwa akaunti zilizojifanya za watoto wa miaka 13 katika nchi tatu, na Kenya ilikuwa mojawapo. Akaunti zilizoonyesha kuvutiwa na mambo ya huzuni na afya ya akili ziliongezewa zaidi na zaidi. Baada ya saa tano hadi sita, karibu video moja kati ya kila mbili zilizoletwa ilihusu afya ya akili kwa namna inayoweza kudhuru. Mfumo wa mapendekezo hupima unachotulia kukitazama, unachokirudia, unachokituma. Haumuulizi mtoto kama kinamfaa. Binti aliyefiwa na bibi yake, akatulia sekunde kumi zaidi kwenye video ya mtu anayelia, ameshauambia mfumo kitu, na mfumo unamjibu usiku kucha.

Mfano uliochunguzwa kwa kina kuliko mingine ni wa Molly Russell, msichana wa London aliyefariki kwa kujidhuru Novemba 2017 akiwa na miaka 14. Uchunguzi wa kisheria uliomalizika Septemba 2022 ulieleza kwamba katika miezi sita ya mwisho ya maisha yake alihifadhi, alipenda au alisambaza machapisho 16,300 ya Instagram, na 2,100 kati yake yalihusu kujiua, kujidhuru au sonona. Mchunguzi Andrew Walker alihitimisha kwamba maudhui ya mtandaoni yalichangia kifo chake. Familia yake haikujua alichokuwa akikiona. Baba yake, Ian Russell, ametumia miaka yote tangu hapo kuzitaka kampuni na serikali ya Uingereza zibadilike. Nadhani hakuna mzazi anayeweza kusoma habari za familia ile akasema haikumlea mtoto.

Kuna jambo la kufanya hapa lisilohitaji ugomvi. Kaeni pamoja mtazame kinacholetwa na simu ya mtoto, kisha kinacholetwa na ya kwako. Mwonyeshe kwamba simu mbili za nyumba moja hazileti dunia moja, mwelezane kwa nini. TikTok na Instagram zote zina sehemu ya kuanzisha mapendekezo upya, na kila video inaweza kuwekewa alama kwamba hutaki nyingine kama hiyo. Kijana akishaelewa kwamba anachokiona kimepangwa, huanza kukikagua mwenyewe.

Mfumo huo huo ndio unaowafikisha wavulana kwa wahubiri wa uanaume. Mvulana anatafuta mazoezi ya kifua au namna ya kupata pesa. Wiki mbili baadaye analetewa watu wanaomwambia kwamba mwanamke ni wa kumilikiwa, kwamba kumhurumia mtu ni udhaifu, kwamba baba yake aliyechoka na kazi ni mfano wa kushindwa. Andrew Tate ndiye anayejulikana zaidi. Agosti 2022 Facebook, Instagram, TikTok na YouTube ziliziondoa akaunti zake, lakini vipande vyake viliendelea kuzunguka kwa kuwa waliokuwa wakivirusha walikuwa wengine. Na hapa pana jambo ambalo kila kijana anayemfuata angepaswa kulijua. Mafunzo yake ya kulipia yalikuwa na mpango wa kamisheni, na wanachama walihimizwa kuijaza mitandao vipande vyake ili wavutie wanunuzi wapya. Sehemu ya ule umaarufu ilikuwa kazi ya mauzo iliyofanywa na vijana wenyewe.

Ukimtukana mtu huyo mbele ya mwanao, umemthibitishia kila alichoambiwa: kwamba watakupinga, kwamba hawaelewi. Anza na lililo kweli. Kufanya mazoezi ni kuzuri, kujitegemea ni kuzuri, na upweke wa kijana asiye na kazi ni wa kweli kabisa. Kisha muulize mtu huyu anauza nini, na kwa nini kila tiba anayotoa inaishia kwenye kulipia. Muulize pia ni mwanamume gani anayemjua kwa jina, hapa mtaani, anayemheshimu, na kwa nini anamheshimu. Halafu umsikilize kwa muda mrefu kuliko unavyopenda.

“Hayo ni mambo ya Ulaya, vijana wetu wana dini na mila”

Kwa muda mrefu, mamia ya vijana wa Kiafrika walikaa ofisini Nairobi, wakiwa wameajiriwa na kampuni ya Sama, wakichuja maudhui mabaya ya Facebook: mauaji, ubakaji, unyanyasaji wa watoto. Daniel Motaung, aliyekuwa mmoja wao, aliishtaki Meta na Sama nchini Kenya Mei 2022, na mwaka uliofuata wenzake 184 walikwenda mahakamani na kesi yao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini humo. Uchafu ambao tunadhani uko mbali ulikuwa ukisafishwa na watu wanaopanda matatu pamoja nasi, nao wakaugua kwa kuuona.

Wanaoamini kwamba dini na shule ni kinga wanapaswa kukumbuka Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa na magaidi katika chuo kikuu. Mmoja wa washambuliaji alikuwa Mkenya mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu. Baba yake alikwishatoa taarifa kwamba mwanawe ametoweka.

Lakini kinachowanasa vijana wetu kwa wingi leo ni ajira. Mpango wa Urusi uitwao Alabuga Start ulitangazwa kwenye mitandao ya kijamii kwa wanawake wa miaka 18 hadi 22, wakiahidiwa tiketi ya ndege, mshahara na masomo pamoja na kazi. Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press liliripoti kwamba wanawake wapatao 200, wakiwemo wa kutoka Uganda, Kenya na Rwanda, walijikuta Tatarstan, Urusi, wakiunganisha droni za kivita. Aprili mwaka huo eneo lile lilikwishashambuliwa na droni za Ukraine. Wakenya wengine walifuata matangazo ya kazi za Thailand wakaishia Myanmar, kwenye majengo yenye ulinzi ambako walilazimishwa kuwatapeli watu kwa kompyuta.

Vijana hao huenda walikuwa na vyeti, na mama waliowaombea dua uwanja wa ndege. Walichokosa ni mtu wa kukaa naye chini kabla ya kusaini, akauliza maswali ya kuchosha: mwajiri ni nani hasa, mkataba umeandikwa kwa lugha gani, pasipoti itashikwa na nani, ubalozi wetu unawajua? Kijana anayejua kwamba nyumbani atachekwa kwa ndoto zake hataleta tangazo mezani. Atatuaga siku ya safari.

“Kuna mchezo mpya unaowaua watoto, sambaza ujumbe huu”

Hili nitalipita upesi. Mei 2017 bodi ya filamu ya Kenya ilipiga marufuku mchezo ulioitwa Blue Whale. Miaka miwili baadaye dunia nzima ilitiwa hofu na Momo, sura ya kutisha iliyokuwa kinyago cha msanii wa Kijapani Keisuke Aiso. Mashirika ya Uingereza yanayowalinda watoto yalieleza kwamba hayakuwa na ushahidi wa mtoto aliyedhurika kwa Momo, na kwamba hofu yenyewe ndiyo ilikuwa ikiisambaza sura ile. Huenda watoto wengi waliiona kwa mara ya kwanza kwenye simu za wazazi wao. Muda unaotumika kutuma onyo la namna hiyo unatosha kumuuliza mtoto mmoja amekutana na nini wiki hii.

“Mzazi asiyejua mitandao hawezi kumsaidia mtoto”

Dai hili linawaumiza zaidi bibi na babu wanaolea wajukuu, na mama anayerudi kutoka gengeni saa tatu usiku akiwa na simu ya kitochi. Wanajiona hawafai. Mpangilio wa simu unaweza kufanywa na yeyote, hata mpwa wa miaka 20. Kinachohitajika kwa mlezi ni vitu ambavyo bibi anavyo kuliko mimi: kumjua mtoto kiasi cha kugundua kwamba amebadilika, na subira ya kukaa naye bila kuzungumza. Mtoto aliyeacha kula, anayeshtuka simu ikilia, anayeficha skrini ghafla, anayeomba pesa bila kueleza, aliyeacha kwenda mpirani, ana jambo. Bibi huyaona hayo bila kujua TikTok ni nini.

Akisema, cha kwanza anachokisoma ni uso wako. Usipige kelele, usimwite baba yake, usiitake simu. Mwambie umefanya vizuri kuniambia. Muulize kama kuna mtu anayemtishia sasa hivi, na kama amepewa muda. Ukimwona amekata tamaa, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Wataalamu wa afya ya akili wamekwishaeleza kwamba kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Humpa ruhusa ya kulisema. Kenya, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha sheria kinachomwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba, aliyejaribu alihesabiwa mkosaji, na hofu hiyo bado imo vichwani mwa watu.

Usiku huo usimwache peke yake. Alale chumba kimoja na mtu mzima, na simu iwe na huyo mtu mzima kwa makubaliano, ili ujumbe ukiingia usiingie mikononi mwa mtoto. Namba 116 ni ya msaada kwa watoto Tanzania, Kenya na Uganda, na kuipiga ni bure. Mtoto anaweza kuipiga mwenyewe, nawe unaweza kuipiga kwa ajili yake. Ukiona simu inaita bila kupokelewa, piga tena. Akiwa amekwishajidhuru, usitafute namba yoyote: mpeleke hospitali iliyo karibu, na ukifika umwambie daktari ukweli wote, picha na vitisho vikiwemo, ili ajue anamtibu nini.